Wimbo wa Msiba Wenye Sebene

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nimeitundika juu ya friji, na mpaka leo haijawahi kwenda sawa na saa nyingine yoyote hapa Iringa. Simlaumu aliyeinunua, ingawa namjua. Nanyi mkaniomba niandike kidogo jinsi tulivyokuwa tunafanya kazi studio zamani, "hata kurasa mbili tu, Mama Vumi." Kurasa mbili hazitoshi kueleza hata namna ya kusafisha kichwa cha mashine ya kanda. Lakini nimekaa barazani na daftari, ukungu bado haujaondoka huko milimani, na naona nikishika kalamu mambo yanakuja yenyewe, moja linalivuta lingine.

Vyeo naviacha, maana studio yetu haikuwa navyo. Alikuwepo Mzee Luvanda, mwenye mashine, na nilikuwepo mimi. Mishahara nayo naipita kimya, kama ilivyokuwa inatupita yenyewe miezi mingine. Nitawaandikia siku yangu ya kwanza, halafu kazi moja ambayo sijaweza kuiweka chini tangu nilipoifanya.

Nilishuka Iringa nikitokea kwetu, juu ya Mafinga, asubuhi ya baridi ya mwezi wa sita, na begi la nailoni na barua ya mchungaji. Studio ilikuwa nyumba ya bati ya vyumba viwili. Ukutani tulipigilia trei za mayai na mablanketi ya kijeshi ili sauti isirudi. Mvua ikinyesha hakuna kazi, kwa sababu bati linaimba kuliko kwaya. Jogoo wa jirani akiwika hakuna kazi. Mzee Luvanda alikuwa mwembamba, koti moja la kahawia kiangazi na masika, na hakunipa hata kiti kabla hajanivalisha spika za masikioni.

Akaweka mkanda mtupu, akabonyeza, akaondoka kwenda kunywa chai.

Aliporudi akaniuliza, "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, Mzee."

"Basi endelea kukaa."

Nilikaa mpaka saa sita. Nilidhani ananijaribu kama nina subira, nikakasirika kimoyomoyo, maana mimi ni mtu wa hasira za karibu na mnajua. Lakini baadaye ule mkanda mtupu ukaanza kuwa na sauti. Ulikuwa unanong'ona, mbali sana, kama mvua inayonyesha upande wa pili wa kilima. Ndani ya huo mnong'ono nikaanza kusikia mambo yangu mwenyewe: mama akipepeta ulezi, mlango wa jikoni kwetu, sauti ya bibi yangu ambaye alikuwa amekufa nikiwa darasa la nne. Nilishtuka Mzee aliponigusa bega.

"Sasa?"

"Nasikia kwetu," nikamwambia, na machozi yalikuwa karibu.

"Haya. Umeanza kazi," akasema, akanipa chai iliyokwisha kupoa.

Alinieleza baadaye kwamba kila mkanda una kimya chake, na anayekijua kimya cha mkanda ataijua pumzi ya mwimbaji kabla hajafungua mdomo. Nyinyi mna kompyuta inayofuta huo mnong'ono kwa kubonyeza mara moja. Siwasemi. Lakini najua mmoja wenu alifuta mpaka pumzi ya mwimbaji, na wimbo ukabaki kama umeimbwa na mtu asiye na mapafu.

Kazi yetu kubwa ilikuwa kwaya. Zilitoka Njombe, Makambako, Mbeya, wakati mwingine wamesimama kwenye gari la viazi njia nzima. Kabla ya kurekodi nilikuwa nawavua akina mama bangili, nawapa maji ya uvuguvugu, na akina baba nawanusa kama hawajapitia kwenye ulanzi. Aliyenuka pombe ya mianzi nilimsimamisha nyuma kabisa. Tulirekodi nyimbo za sifa, za mavuno, za kuaga wachungaji. Na tulirekodi nyimbo za msiba, ambazo kwetu huku zina namna yake: wimbo unasimulia. Unasema ajali ilitokea wapi, gari lilitoka wapi, nani alikuwemo, nani amebaki na nani. Mtu asiye na redio wala gazeti alipata habari kamili kwenye kaseti ya kwaya, tena kwa sauti nne.

Kwa nyimbo hizo Mzee Luvanda alikuwa na sharti moja. Alikuwa harekodi wimbo wa msiba kabla ya matanga kuanuliwa. Kwaya ikija mapema aliwapa chai na kuwarudisha. "Waliofiwa hawajanawa uso bado," alikuwa anasema, "na nyie mnataka kuwauzia machozi yao." Mimi nilikuwa naona anapoteza wateja. Nilikuwa kijana, niliona mengi hivyo.

Kisha meli ikazama.

Jina lake sitaliandika. Aliyekuwa mtu mzima wakati ule analijua, na nyinyi mliokuja baadaye mna misiba yenu ya taifa. Ilizama ziwani, asubuhi, imejaa watu wa biashara. Bendera zikashushwa nusu mlingoti, na redio ikabadilika kabisa. Matangazo ya sabuni yalikoma, mpira ulikoma, dansi lilikoma. Kutwa nzima ilikuwa kwaya na ala za polepole, na katikati sauti ya mtangazaji akisoma majina kutoka kwenye orodha ya tiketi. Kila nyumba ilikuwa imefungulia redio ile ile. Nilikuwa nikitoka nyumbani asubuhi na ukungu ule, wimbo ulioanzia kwa jirani yangu unaendelea kwa jirani yake, unaendelea dukani, unaendelea kwa fundi viatu, haukatiki hata nukta moja, mpaka nafika studio sijui kama nimetembea au nimeota. Sokoni watu waliulizana bei kwa sauti ya chini. Nakumbuka mji mzima ulikuwa mpole, na nakiri kwamba upole ule niliupenda, ingawa sababu yake ilikuwa mbaya.

Mzee Luvanda alikuwa amekwenda kwao kupanda viazi, akaniachia funguo. Siku ya tatu ya maombolezo kwaya moja ya Ilomba ikafika kutoka Mbeya, na mwalimu wao, Mwalimu Mwakyoma, mtu mnene mwenye sauti nyembamba.

"Kamwene, dada fundi," akanisalimu Kihehe kunilainisha, ingawa yeye ni Mnyakyusa. "Tumekuja na wimbo wa msiba huu."

"Mwalimu, matanga hayajaanuliwa."

"Dar wameshaanza kurekodi. Tukisubiri, wimbo wa watu wetu utaimbwa na watu wasiowajua."

Hiyo ndiyo sentensi iliyoniangusha. Na zaidi ya hapo, mwenyewe nilitaka. Nilitaka siku moja kurekodi kitu peke yangu, Mzee arudi akute kaseti yangu inapigwa kila mahali. Nikafungua mlango.

Kulikuwa na mtu mwingine pamoja nao ambaye hakuwa mwanakwaya. Aliitwa Fanueli, mpiga gitaa wa bendi ya baa moja huko Mbalizi. Kwa vile muziki wa baa ulikatazwa siku hizo, bendi nzima ilikuwa imekaa inacheza bao, na mpiga gitaa wa kwaya alikuwa anaumwa. Mwalimu Mwakyoma akamchukua Fanueli, akamvalisha shati jeupe la kuazima. Angalieni jinsi mambo yanavyokwenda: kama si msiba, yule kijana asingeingia kwenye kwaya hata kwa kusukumwa.

Wimbo ulikuwa mzuri, siwezi kusema vingine. Kwenye orodha iliyosomwa redioni kulikuwa na mtu mmoja tu wa Ilomba, mwanamke mwenye duka la vitenge Mbalizi, kwa hiyo Mwalimu alikuwa amemtungia ubeti wake. Mwimbaji wao Sekela aliutoa kwa sauti ya chini:

*Atupele wa Ilomba, duka lako nani atafungua,*
*vitenge ulikunja jana, leo nani atakunjua.*

Nilikuwa nyuma ya kioo nalia. Kwaya ikamaliza, wakanyamaza, na mimi nikanyoosha mkono kuzima mashine. Fanueli hakunyamaza. Vidole vyake vilikuwa vimekaa siku tatu bila kazi, nadhani havikujua kwamba wimbo umeisha. Vikateleza taratibu kwenda kwenye sebene, lile gitaa la mwishoni linalowainua watu vitini. Besi ikamfuata. Mpiga ngoma akamfuata. Akina mama wa kwaya, nyuso zimelowa, wakaanza kuyumba, kisha kucheza kabisa, wanalia na wanacheza. Mzee Luvanda angezima mashine. Mimi sikuzima. Nilikuwa nalia na mguu wangu unapiga sakafu.

Kaseti zilitoka kabla wiki haijaisha. Sikuwahi kuona kitu cha namna ile, wala sijaona tena. Wimbo ulipigwa kwenye mabasi, kwenye saluni, kwenye mashine za kusaga. Watu walianza kwa kuinamisha vichwa na kumaliza kwa kucheza. Maombolezo yalipoisha baa zikafunguliwa, na baa nazo zikaupiga. Mwezi uliofuata ukapigwa harusini. Tangu hapo kila kwaya iliyokuja studio ilidai sebene mwishoni, hata nyimbo za Ijumaa Kuu, na Fanueli hakurudi tena kwenye bendi yake. Huo mtindo mnaosikia leo kwenye kwaya za mikoa yetu, mimi nilikuwepo ulipozaliwa, na ulizaliwa kwa sababu watu walikuwa wamekatazwa kucheza.

Mzee aliporudi akausikiliza mara moja, mpaka mwisho, akavua spika za masikioni. "Umerekodi vizuri," akasema. "Umerekodi mapema." Ilinichoma kuliko kama angenifokea.

Siku chache baadaye, saa nne asubuhi, mwanamke akabisha hodi. Alikuwa mrefu, amekonda, kitenge kimempwaya, na kichwa kimeanza kuota nywele baada ya kunyolewa.

"Wewe ndiye dada unayerekodi?"

"Ndiyo mimi. Karibu, nikusaidie nini?"

"Mimi ni Atupele wa Ilomba."

Nilidhani ananitania, halafu nikaona hatanii. Nikamvutia kiti. Akaketi akinitazama kama mtu aliyezoea sasa kusubiri wenzake wamalize kushtuka.

Alinisimulia bila haraka. Alikuwa amekata tiketi ya meli kwa jina lake, kwenda kuchukua vitenge ng'ambo. Walisafiri mpaka bandarini na rafiki yake wa biashara, Zuhura, binti wa Mlandege, hapa hapa Iringa, aliyekuwa anamsindikiza tu na angegeuza kurudi kwao siku hiyo. Asubuhi ya safari Atupele akaamka na homa, hawezi kusimama. Zuhura akamwambia, nipe tiketi niende mimi, mzigo hauwezi kusubiri, wewe lala. Akapanda kwa jina la Atupele. Atupele mwenyewe alilazwa kwenye zahanati ya pale siku tano, malaria imempanda kichwani, simu hakuna. Aliporudi Ilomba alikuta turubai uani kwao, na mama yake amenyoa. Akanyoa na yeye, kwa ajili ya Zuhura.

"Pole sana, dada," nikamwambia. "Nisamehe. Najua ni vibaya, kila mahali jina lako. Watu watasahau."

"Mimi sijaja kutoa jina langu," akasema. "Jina langu mimi ninalo, nitatembea nalo wanione. Nimekuja kuomba jina la mwenzangu liingie. Yule hayupo popote. Hajaonekana majini. Kwenye orodha nipo mimi. Mama yake amekwenda ofisi moja, wamemwambia alete ushahidi kwamba binti yake alikuwemo. Ushahidi ni mimi, na mimi kwenye makaratasi nimekufa. Sasa nchi nzima inamlilia mtu aliyekaa hapa anakunywa maji yako."

Ninyi ambao mliniita jasiri siku ya kuniaga, someni hapa vizuri. Nilimwambia mkanda ni mali ya kwaya. Nilimwambia Mzee ametoka. Nilimwambia arudi wiki ijayo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Wimbo ule ulikuwa umeipa studio yetu jina, na mimi jina, na kuubadilisha ilikuwa kukiri mbele ya watu kwamba nilirekodi msiba bila kujua nani amekufa. Atupele aliaga kwa adabu. Alipofika mlangoni redio ya jirani ilikuwa inaupiga, umefika kwenye sebene, na nilimwona akisimama kidogo hadi upite.

Alirudi wiki iliyofuata, kama nilivyomwambia. Alikuja na Mwalimu Mwakyoma, na katikati yao mama mmoja wa makamo, mfupi, amejifunga mtandio mweusi. Huyo alikuwa Bi. Mwanaidi, mama yake Zuhura, muuza viungo wa Mlandege. Mzee Luvanda alikuwepo safari hii. Aliposikia habari hakunitazama hata kidogo, akaanza kusafisha kichwa cha mashine kwa spiriti na pamba, polepole, na hapo nikajua ameshaamua.

Mwalimu Mwakyoma alikuwa na wasiwasi wake. "Bibi, mimi sina ubaya. Ila huu ni wimbo wa kwaya, na binti yako alikuwa Mwislamu. Msije mkaona tumemwingiza kanisani."

"Mwalimu, mwanangu nimemsomea dua nyumbani kwangu, hilo limekwisha," Bi. Mwanaidi akajibu. "Hapa sijaja kusali. Nimekuja kurekodi. Huo wimbo mmeupeleka kila mahali. Mwanangu hana kaburi, hana karatasi. Mimi nikisikia akitajwa huko barabarani nitajua watu wanajua kwamba alikuwepo duniani."

Mwalimu akakubali. Akabaki na la ufundi: Sekela, mwimbaji wake, tangu turekodi alikuwa ameolewa Tunduma na mumewe hamruhusu kusafiri. Nani angeimba?

"Mimi," akasema Atupele.

"Umewahi kuimba?"

"Hapana."

Niwaeleze mashine yetu. Ilikuwa na njia nne: ngoma na besi njia moja, gitaa njia ya pili, kwaya ya tatu, mwimbaji kiongozi ya nne. Ningeweza kurekodi juu ya njia ya nne kwenye ule ubeti tu, vingine vikabaki. Lakini kilichorekodiwa juu kinafuta cha chini. Sauti ya Sekela ingeondoka pale na isingerudi, na Atupele akikosea tungekuwa tumebaki na shimo katikati ya wimbo. Nyinyi mnabonyeza mnarudi nyuma. Sisi tulikuwa tunavuta pumzi.

Tulikubaliana maneno: yabaki yale yale, libadilike jina tu. Nikamvua Atupele bangili. Nikampa maji ya uvuguvugu. Mzee akaniambia kwa sauti ya chini, "Sikiliza pumzi yake, Vumi. Usitazame saa." Bi. Mwanaidi alikaa na sisi nyuma ya kioo, mkoba mapajani.

Kwaya ikaimba kutoka kwenye mkanda, ikafika mahali pale. Nikasikia pumzi ya Atupele, nikabonyeza. Sauti yake ilikuwa kavu, imepasuka pembeni, na aliimba, mara mbili mfululizo kama ubeti ule unavyorudiwa:

*Zuhura wa Mlandege, kiti changu ulikalia,*
*safari ilikuwa yangu, wewe ukanitangulia.*

Hayo maneno hatukuyapanga. Sijui aliyatunga lini, labda njiani, labda zahanati. Mwalimu Mwakyoma aliweka mkono mdomoni. Mimi niliachia kitufe mahali panapotakiwa kwa sababu ya mazoea tu, maana macho yalikuwa hayaoni, na papo hapo gitaa la Fanueli likaingia na lile sebene lake, la furaha, halijui lolote. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikamgeukia Bi. Mwanaidi nikamwambia, "Mama, hapa mwishoni nitakata. Nitaishia kwenye jina."

Alikuwa anasikiliza kichwa kimeinama. "Hapo watu wanacheza?"

"Wanacheza, Mama. Nisamehe."

"Zuhura alikuwa anapenda kucheza, ananiudhi," akasema. "Alikuwa anacheza hata anapopepeta mchele, mchele wote chini. Usikate, mwanangu."

Sikukata. Tukatoa kaseti mpya, na ningependa kuwaandikia kwamba zilifuta zile za kwanza. Hazikufuta kitu. Za kwanza zilikuwa zimeshanakiliwa na kila mwenye redio ya kaseti mbili, zikaingia kwenye sidii, kutoka kwenye sidii zikaingia kwenye simu zenu. Zile za pili walichukua wachache. Miaka yote niliyofanya kazi baada ya hapo, nilikuwa nikisikia wimbo ule mahali, nanyoosha sikio kusubiri ule ubeti, na karibu kila mara ni Sekela, na ni Atupele wa Ilomba. Niliuacha mtaa mmoja wenye baa kwa sababu hiyo, nikahamia huku kwenye utulivu. Wengi wenu mlidhani ni kelele ndizo zilizonishinda.

Na kila msiba mkubwa uliokuja niliwaudhi. Mnakumbuka. Kiongozi amefariki, basi limetumbukia, kabla ya chakula cha mchana mna nyimbo tatu na picha za marehemu zinazungukazunguka, na mimi nimesimama mlangoni nasema matanga hayajaanuliwa. Mliniita Mama Matanga, najua. Sasa mnajua kwa nini.

Mwaka huu, wiki mbili baada ya ninyi kuniaga, Atupele alinialika Ilomba. Alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Nilisafiri na Bi. Mwanaidi, ambaye sasa ni bibi kizee, macho yamepungua, lakini kutoka Iringa mpaka Mbeya hakusinzia, alikuwa ananiuliza tumefika wapi na mimi namtajia miji. Tukakalishwa mbele kabisa, karibu na spika, heshima ambayo masikio yangu hayakuihitaji. Hema lilijaa. Mchana ulikuwa na mawingu mepesi na mwanga ule wa Mbeya usio na kivuli, watu wamevaa sare za rangi ya machungwa, na mimi nilikuwa nusu nasikiliza, nusu nimesafiri kwenye mawazo yangu.

Ndipo kijana aliyekuwa anapiga muziki akauweka wimbo ule. Nikaujua kwa mnong'ono wa mkanda, kabla hata kwaya haijaanza, kimya changu mwenyewe cha zamani kikipumua kwenye spika za watu. Ilikuwa ile rekodi ya kwanza. Watu wakapiga vigelegele, wakainuka. Niliinuka na mimi, si kucheza. Nilikuwa naenda kumwambia azime, kwa sababu yule mama alikuwa amekaa pale na mkoba wake mapajani, na nilijua ubeti unaokuja. Sikuwahi kufika. Sekela akaanza, *Atupele wa Ilomba*, na sikumsikia hata neno moja, kwa maana hema zima lilimfunika:

*Zuhura wa Mlandege!*

Waliliimba wakubwa kwa watoto, mikono juu, bila kuangaliana. Nikamshika bega msichana wa sare aliyekuwa anacheza mbele yangu, hajafika miaka ishirini.

"Mwanangu, Zuhura ni nani?"

"Sijui, Mama. Ndivyo unavyoimbwa."

Atupele alinieleza baadaye. Alianza peke yake, dukani kwake Mbalizi. Kila wimbo ulipopigwa sokoni alikuwa anasimama mlangoni na kulipaza jina la mwenzake juu ya lake. Wakamcheka, kisha jirani wa mbele akamsaidia, kisha wapakia mizigo, kisha watoto. Miaka imepita, na sasa huko kwao hakuna anayeucheza bila kufanya hivyo.

Lakini pale nilikuwa sijaambiwa lolote. Nilikuwa nimesimama tu katikati ya watu wanaocheza, na ubeti ukarudi mara ya pili, kama unavyorudi kabla ya sebene, na jina likapaa tena kutoka kila kona ya hema. Nikageuka kumtazama Bi. Mwanaidi. Alikuwa ameinua uso kuelekea kule sauti ilikotoka, na akaitikia, taratibu, kama mama anayemwitikia mwanawe anayeitwa na hayupo karibu.

"Abee."